Ukingo wa Singa

Mwaka wa hamsini na tisa, tulipokuwa tukizunguka mashamba ya mkonge kuandikisha watu katika chama cha wafanyakazi, kila jukwaa nililopanda nilitambulishwa kwa maneno yale yale: huyu ndiye Wenceslaus, aliyemjibu Mluzi mbele ya wazungu wenzake pale Kilosa. Watu walipiga makofi. Nami niliyapokea, nikainua na mkono. Sikuwahi kusema jibu lile alililipia nani. Sasa nimechoka kupigiwa makofi ya jasho la mtu mwingine, na wengi waliokuwapo wamekwisha kuzikwa, kwa hiyo nitaeleza ilivyokuwa.

Shamba letu lilikuwa kando ya reli, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kimamba. Meneja tulimpa jina la Mluzi kwa sababu alipita katikati ya mistari ya mkonge akipiga mluzi kama mtu aliyetoka kuoga, huku wakataji wakichomwa na miiba mpaka usoni. Mkewe hakupata jina. Tulimwita Memsabu, basi. Mama huyo aliitazama kambi yetu kutoka ndani ya gari lake, akaona wanawake wamekaa bure. Bure: wanachota maji, wanatwanga, wanalima vijishamba vya nyuma ya kambi, wanauguza, wanazika. Akawaanzishia klabu ya kufuma, kila Jumatano alasiri, katika kibanda cha dawa. Wanawake walikwenda. Kulikuwa na chai.

Mmoja wao alikuwa Marselina, mke wa Damiano. Yeye hakufundishwa kufuma na Memsabu. Alijifunza kwa masista huko kwao Songea alipokuwa msichana, na sindano zake alijitengenezea mwenyewe kwa spoki za baiskeli, akazinoa ncha juu ya jiwe mpaka zikateleza. Damiano alikuwa Mngoni. Mimi ni Mhehe, mama yangu alikuwa akikaa Malolo. Kwa hiyo tulikuwa watani, na kambini mtani ndiye ndugu: ningekufa mimi, Damiano ndiye angenizika, na kunicheka juu ya kaburi. Kila asubuhi akiniona nakuja alimwita mbwa wake aje ajifiche ndani, asije akaliwa, maana Wahehe tunasemwa kula mbwa. Hakuwa na mbwa.

Mimi nilifanya kazi chumba cha burashi, ambamo singa, yaani nyuzi za mkonge, zikishakauka husuguliwa zing'ae kabla ya kufungwa marobota. Damiano alikuwa kwenye korona, ile mashine inayokwangua jani la mkonge mpaka zibaki nyuzi tupu. Mwezi wa nne wa mwaka wa hamsini na tano korona ilivuta jani pamoja na mkono wake wa kulia. Ulikatika juu kidogo ya kifundo. Mashine ilisimamishwa kwa muda wa kuoshwa tu. Nilikuwapo. Mpaka leo nayakumbuka maji yale yalikopita.

Alipotoka hospitali Mluzi alimweleza sheria ya shamba, nayo ilikuwa fupi: chumba cha kambini ni cha mwenye kazi. Kwa huruma yake alimwachia ufagio, afagie uwanja wa kuanikia singa mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Baada ya hapo, waondoke. Waende wapi? Songea ilikuwa safari ya malori na miguu, na kifua cha Damiano kilikuwa kimeanza kukohoa tangu kitandani kule. Hawakuwa na shamba, hawakuwa na mjomba wa karibu. Walikuwa na chumba kimoja cha bati, namba kumi na saba, na Marselina alikitaka chumba hicho kama watu wengine wanavyoitaka pepo.

Skafu ilianza kwa sababu ya asubuhi za mwezi wa sita, upepo unaposhuka kutoka milima ya Ukaguru. Damiano alijaribu kujifunga kitambaa shingoni kwa mkono mmoja na meno. Alishindwa, na kufungwa na mkewe mbele ya watu alikataa. Marselina hakubishana naye. Alikusanya mabaki ya nyuzi za klabu, akafuma kitu ambacho sijapata kukiona kabla wala baada. Kilikuwa kipana nchani. Kila safu ya pili alipunguza kitanzi kimoja, upande wa ndani tu, mpaka akafika shingoni kikiwa chembamba. Kisha akaanza kuongeza vilevile mpaka ncha ya pili. Hakikunyooka kama kitambaa cha dukani. Kilijipinda chenyewe kufuata mabega. Na katika ncha ya kushoto aliacha tundu. Unaipitisha ncha ya kulia tunduni, unavuta, imekaa. Mkono mmoja unatosha.

"Umefungwa kama ng'ombe," nilimwambia Damiano.

"Ng'ombe ana mwenyewe," alinijibu. "Wewe Mhehe, ukipotea nani atakutafuta?"

Memsabu alimwona akifagia amevaa skafu ile. Alisimamisha gari, akashuka, akaipitisha ile ncha tunduni na kuitoa, mara tatu, shingoni mwa mtu, pasipo kumsalimu. Jumatano iliyofuata alimwita Marselina mbele ya klabu nzima. Mwishoni mwa mwezi wa nane kungekuwa na maonyesho ya kazi za mikono za wanawake pale Kilosa, mashamba yote na misheni zote. Alitaka skafu kama ile, lakini mpya, kubwa, ya sufu nzuri.

"Weka pambo," alisema. "Hapa kando, yote. Jaji napenda pambo."

Marselina akaona mlango. Aliuliza kwa adabu, mikono nyuma: ikishinda, klabu haitahitaji mwalimu anayekaa hapa hapa kambini? Memsabu alifikiri kidogo. Akasema ikishika nafasi ya kwanza atazungumza na bwana, Marselina awe mwalimu wa klabu, na mwalimu atabaki na chumba chake. Wanawake wote walisikia. Nataka ijulikane kwamba maneno hayo yalisemwa, na saa ilikuwa kumi alasiri, maana baadaye yalikanwa.

Alipewa madonge matatu ya sufu, rangi ya moshi. Alifuma akipika, alifuma akisubiri zamu kisimani. Mwili wa skafu ulipokamilika, uzi nao ukaisha. Pambo halijaanza. Alikwenda kuomba donge la nne, Memsabu akamwambia uzi umegawiwa sawa kwa wote na fundi mzuri hupima mapema. Alitaka pambo bila uzi. Ndivyo walivyokuwa wenye mkonge: hata robota wangelitaka bila mtu.

Sasa lazima nieleze jambo la singa. Kuchukua singa shambani kulikuwa wizi, hata ukikutwa na kamba ya kufungia mbuzi. Wanawake waliosuka vikapu vya singa walivisukia ndani, mlango umefungwa. Damiano alifagia kutwa katikati ya tani za singa, na jioni alipekuliwa getini mpaka kwenye kigutu chake cha mkono, eti asije akafungia kitu kwenye bendeji. Marselina alimwapisha asilete hata uzi mmoja, naye hakuleta.

Lakini sisi wa burashi tulitoka kazini weupe. Chumba kile kilijaa vumbi la singa na vipande vya nyuzi vinavyoruka. Vilituingia puani, shatini, nywele zetu zikawa kama za wazee. Mlinzi wa geti alipekua mifuko. Nywele hakupekua, nani angepekua? Ulikuwa uchafu wetu. Wenye wake walichanwa na wake zao mbele ya milango kabla ya kuoga, na lile vumbi likapeperuka likaenda zake.

Siku moja Marselina alitandika mkeka mbele ya namba kumi na saba, akatuita watu wanne wa burashi kabla hatujaenda kuoga.

"Shemeji, chana nywele hapa. Na shati likung'ute hapa hapa."

"Kuna nini?"

"Chana kwanza, maswali baadaye."

Damiano alikuwa amekaa kizingitini. "Memsabu ana kondoo wake Ulaya," alisema, "mke wangu naye kapata wa Uhehe."

"Tena kondoo mwenye meno," nikasema.

"Ndio hao, wanakula mpaka mbwa."

Tulicheka, akapaliwa na kikohozi, tukasubiri kipite.

Siku kumi na moja tulichanwa namna ile. Marselina alizichambua zile takataka, akatoa nyuzi zilizo ndefu kama kidole, nyingine akazitupa. Alizichemsha kwa sabuni, akazitwanga taratibu kinuni zilainike, akazianika juu ya khanga, akazisokota pajani mpaka paja likawa na malengelenge. Uzi ulitoka mweupe, mwembamba, unang'aa. Usingejua. Mimi mwenyewe, niliyezitoa kichwani, nisingejua.

Kwa uzi huo alifuma ukingo. Mwili wa skafu hii mpya aliufuma kwa ubavu, kutoka upande wa ndani kwenda nje, nao ulikuwa bado umening'inia kwenye spoki, vitanzi vya upande wa nje viko wazi. Alianza na vitanzi sita vya singa. Kila akienda na kurudi aliacha kijitundu na kuongeza kitanzi kimoja, na mwisho wa kurudi alikamata kitanzi kimoja cha sufu ili singa na sufu zishikane. Akifika vitanzi kumi, alifunga vinne kwa mpigo, akabaki na sita tena: hilo ni jino moja. Kisha jino la pili. Akazunguka hivyo upande wote wa nje, meno meupe yenye matundu kama ya wavu, juu ya sufu ya rangi ya moshi. Nilipata kuyahesabu, nikafika sitini na kitu, nikapotea. Yeye hakupotea.

Alipomaliza, Memsabu aliishika akauliza huu uzi mweupe umetoka wapi. Marselina akasema, "Nimeupata tu, Memsabu." Hakusema uongo. Memsabu naye hakuuliza mara ya pili, maana kitu chake kilikuwa kimependeza.

Siku ya maonyesho tulipanda treni Kimamba, Marselina, Damiano na mimi. Mimi sikualikwa. Wakati ule nilikuwa nimejifunza kusoma peke yangu kwa magazeti ya kufungia dagaa, na mtu aliyejifunza kusoma namna hiyo hudhani kila mkusanyiko unamngoja yeye. Nilikuwa na maneno mengi kifuani. Marselina alilijua hilo vizuri.

"Shemeji," aliniambia kwenye treni, "kule tunakwenda kuchukua chumba. Hatuendi mkutanoni."

"Najua."

"Usihutubie."

"Nimehutubia lini mimi?"

"Juzi, kwenye msiba. Maiti imewekwa chini, wewe unaeleza habari ya posho."

Damiano alicheka mpaka akashika kifua. Niliahidi. Nilimshika mkono Marselina nikaahidi.

Maonyesho yalifanyika katika ukumbi mmoja karibu na boma. Meza ndefu, mashuka meupe, bendera. Kulikuwa na fulana za watoto, soksi, vitambaa vya meza vya masista, vikapu. Skafu ya Marselina walikuwa wameilaza katikati, imejipinda kama mwezi mchanga, meno yake yamenyooshwa moja moja. Watu walisimama hapo muda mrefu kuliko pengine pote. Jaji alikuwa mama wa kizungu mzee, mke wa mkubwa mmoja kutoka Morogoro. Alizunguka meza zote, akarudi, akaipitisha ncha tunduni, akatabasamu. Akatoa kadi nyekundu, ya nafasi ya kwanza, akaiweka juu ya skafu.

Marselina hakuruka wala hakupiga kigelegele. Aliushika mkono wa Damiano ule uliobaki. Niliona midomo yake inasema kitu, na nadhani ilikuwa namba ya chumba.

Hapo ingeishia. Lakini yule mama mzee aliugusa ukingo akauliza kwa Kiingereza, nami Kiingereza cha namna hiyo nilikuwa nakisikia, kitani hiki kizuri kimetoka wapi. Na Memsabu akajibu, pasipo hata kupepesa, kwamba ni kitani alichokiagiza yeye mwenyewe kutoka kwao, maana wanawake hawa ukiwapa vitu vizuri wanaweza.

Marselina hakuelewa maneno, ila alielewa sura yangu. Alinitazama akatikisa kichwa, kidogo sana, mara moja. Niliona. Miaka yote hii nimejiambia kwamba sikuona, lakini niliona.

"Si kitani," nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikiwa na ukumbi mzima. "Hiyo ni singa. Imetoka kwenye vichwa vyetu sisi watu wa burashi. Huyu mama aliomba donge moja la uzi akanyimwa, akatuchana nywele siku kumi na moja. Vumbi hilo hilo ndilo linalotukohoza. Mnalishikashika, mnalisifu. Semeni basi limetoka wapi."

Nyuma, walikosimama watu weusi, wengine waliguna, wengine wakacheka kwa furaha. Mluzi alikuwa dirishani na sigara. Alikuja mezani taratibu, akaushika ukingo, akausugua kwa kidole gumba na cha shahada. Mtu yule alikuwa na roho mbovu, lakini singa alizijua.

"Hii singa ya shamba yangu," alisema. "Hii mali yangu."

"Basi njoo uchane na zilizobaki," nikamwambia, nikamwinamishia kichwa.

Hilo ndilo jibu. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, hata baadhi ya wazungu waligeuka kuficha meno. Lilifika Kimamba kabla ya treni yetu, likafika Mikumi kwa lori, mwaka uliofuata nikalisikia Zombo kwa mtu asiyenijua. Kitu ambacho hakikusimuliwa ni kwamba Memsabu, uso mwekundu, aliinua ile kadi kutoka juu ya skafu akaitia kwenye mkoba wake. Damiano aliniambia baadaye kwamba wakati watu wanacheka, mkono wa Marselina ulipoa ndani ya mkono wake kama samaki.

Jumatatu tuliitwa bomani, Marselina kwa wizi wa singa na mimi kwa kuzitoa nje ya geti. Afisa aliyetusikiliza alikuwa kijana, mpole, Kiswahili chake safi kuliko changu. Singeona tabu kama angetutukana. Alituuliza vizuri, akatuachia nafasi ya kusema.

"Ulipita getini na singa hizi?"

"Nilipita na kichwa changu, bwana. Zilikuwa juu yake."

"Ulijua ni za shamba?"

"Nilijua ni uchafu."

Akaandika. Akafikiri, kalamu mdomoni. Kisha akaeleza, kama mwalimu, kwamba kitu cha shamba hubaki kuwa cha shamba mpaka mwenye shamba mwenyewe akitupe. Kupeperukia juu ya kibarua si kutupwa.

"Na zile nilizozimeza, bwana?" niliuliza. "Hizo ni za nani?"

"Hizo hazijaletwa mbele yangu," alisema, na naamini alisema kwa nia njema.

Hakutufunga. Alisema mwanamke hakuwa na nia ya wizi, atamwonya tu. Mimi alinionya zaidi. Lakini mali irudishwe kwa mwenyewe. Akamwita tarishi, tarishi akaleta mkasi wa kukatia karatasi, na pale pale juu ya meza ya boma wakaukata ukingo kutoka kwenye sufu, jino kwa jino, wakautia kwenye bahasha ya Serikali, wakaipiga mhuri.

Asiyejua kufuma hataelewa kilichofuata. Ukingo ule ndio uliokuwa umevishika vitanzi vya mwili wa skafu. Ulipokatwa, vitanzi vyote vya upande wa nje vilibaki wazi, na kitanzi kilicho wazi hukimbia. Kimoja kiliachia, cha pili, safu zikaanza kufunguka zikishuka. Marselina, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno ila "ndiyo bwana", aliirukia meza akavishika kwa vidole kumi kama mtu anayezuia vifaranga. Askari alidhani anataka kunyang'anya bahasha, akamsukuma. Yule afisa kijana alisema, "Mwache, mwache." Na kweli walimwacha. Alitoka nje ameishika hivyo, akatembea nayo mpaka stesheni hajashusha mikono.

Mimi nilifukuzwa kazi siku hiyo hiyo, jambo ambalo kwa mwanamume asiye na mke ni kama kupewa ruhusa. Mashamba yalikuwa mengi. Wao walipewa mpaka Jumamosi. Memsabu alisema hakumbuki kuahidi chumba. Wale wanawake wa klabu walipoulizwa walitazama chini, na siwalaumu, wote walikuwa na vyumba.

Jumamosi asubuhi nilikwenda namba kumi na saba. Vitu vyao vilikuwa nje: sanduku moja, kinu, mkeka uliokunjwa. Cleopa, karani wa shamba, alikuwa amesimama na ufunguo mkononi na ujumbe mwingine mdomoni. Memsabu anataka sufu yake, madonge matatu, apewe mwanamke mwingine. Skafu yenyewe haitaki, imeharibika. Anataka uzi.

"Karani, si uichukue hivyo hivyo," nilisema. "Akafumue mwenyewe."

"Kaka Wense, mimi nimetumwa," Cleopa alisema. "Usinitie kwenye hotuba."

Marselina alikaa kizingitini akatafuta mwisho wa uzi. Kufumua ni rahisi, unavuta tu. Kazi ni kuukunja usijifunge mafundo, na kwa hilo anahitajika mtu wa pili mwenye mikono miwili iliyotanuliwa, uzi uzungushiwe hapo. Damiano alikaa mbele yake akanyoosha mkono. Akautazama. Akaurudisha mapajani.

"Shemeji," Marselina alisema, "lete mikono."

Nilikaa chini nikaitanua mikono kama mtu anayeombewa. Akaanza kuvuta. Uzi uliotoka ulikuwa umejikunjakunja, umekumbuka umbo lake, akauzungusha kwenye mikono yangu, mzunguko baada ya mzunguko. Lile pindo la shingoni, alilolifuma kitanzi kwa kitanzi, nililiona likiisha mbele ya macho yangu. Nilifungua mdomo.

"Marselina, mimi..."

"Nyamaza. Ukisema unatikisa."

Watu wawili wa burashi walikuja wakasimama mbali kidogo. Walisema kisimani wamekusanyika watu wengi, wa korona, wa reli, hata wakataji, wanataka kusikia kutoka kwangu mwenyewe nilivyomwambia Mluzi. Walikuwa na nyuso za furaha. Niliwatazama juu ya ule uzi.

"Waambieni ana kazi," Marselina alijibu kwa niaba yangu.

Donge la kwanza likaisha, la pili likaisha. Kwenye la tatu nilisema, polepole, bila kutikisa, kwamba Malolo mama yangu ana kibanda cha pili na shamba la mahindi ambalo halimalizi. Waende kule. Nitawapeleka.

Aliendelea kuvuta uzi.

"Tutakwenda," alisema. "Damiano hawezi kulala stesheni. Lakini usije ukakaa kule kwa mama yako ukadhani umetufadhili. Na ukimsimulia mtu yeyote habari hii mbele yangu, nitanyanyuka niondoke, hata iwe mvua."

"Mngoni atalishwa mbwa sasa," Damiano alisema. Alijaribu. Hakuna aliyecheka, naye hakungoja.

Cleopa alipokea madonge matatu akayatia kwenye kikapu. Akamwita mtu aliyekuwa amekaa upande wa pili wa njia muda wote huo, akingoja. Alikuwa Lupakisyo, Mnyakyusa aliyeshushwa wiki hiyo na lori la manamba, mkewe nyuma yake na sufuria kichwani na mimba. Walikuja wakasimama mbele ya mlango, hawakuingia.

"Shikamoo mama," alisema Lupakisyo.

"Marahaba." Marselina alijikung'uta mavumbi ya sufu. "Bati linavuja pembe ile ya mlangoni. Mkeo mlaze upande wa huku."

"Asante mama. Shikamoo baba."

"Marahaba," alisema Damiano.

Yule kijana aliona sanduku, akamwona Damiano, akaona lile lisiloonekana kwenye mkono wa kulia wa shati. Alimwambia mkewe angoje, akaliinua sanduku begani, akatusindikiza nalo mpaka kwenye reli. Njiani alisema wamemweka kwenye korona, anaanza Jumatatu, akauliza kama ni kazi ngumu. Damiano akamwambia akate kucha, avue pete kama anayo, na jani likishikwa na mashine aliachie, hata nyapara akipiga kelele. Lupakisyo alirudia maneno hayo mara mbili ili ayakariri. Kisha akatua sanduku, akatuaga kwa kupiga goti kidogo, akageuka akarudi kambini mbio, asije akakuta Cleopa amempa mtu mwingine ufunguo.